Mgonjwa wa Dada Moraa

Miaka ile kanisa letu lilikuwa bado linakodi ukumbi wa shule huko Downsview, Toronto, nyuma yake nyumba za kupanga, mbele yake maghala. Waumini walikuwa Wasabato waliotoka Kisii, Kericho, Mara na Burundi, na kazi zetu zilijulikana: wauguzi, madereva wa malori, wapakizi wa mizigo uwanja wa ndege, na akina mama wengi waliotunza wazee majumbani. Mgeni akifika, baada ya kuambiwa "Sabato njema" aliulizwa anafanya kazi gani. Haukuwa umbea. Tulitaka kujua nani anaweza kumsaidia nani.

Aliyemuuliza Moraa alikuwa Mama Chelagat, kiongozi wa Dorkasi, ile idara ya akina mama wanaotembelea wagonjwa na wenye shida.

"Namtunza bibi mmoja," Moraa akajibu. "Huko Rexdale."

Ulikuwa uongo. Moraa alikuwa mtunza farasi katika uwanja wa mbio. Aliamka kabla ya jua, akapanda basi kutoka Malton, akazoa mavi, akabadilisha majani ya kulalia, akapiga brashi, akafunga bendeji miguuni, akaongoza farasi kwa kamba mpaka jasho lao likauke. Alikuwa amepunguzwa kazi katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege, na jirani yake wa ghorofa moja, Mrundi mmoja Mkatoliki aitwaye Médiatrice, akamwambia mabandani wanahitaji watu wasioogopa baridi wala kwato. Moraa alikulia Nyamira katikati ya ng'ombe wa baba yake. Hakuogopa.

Alichoogopa ni sisi. Uwanja wa mbio unaishi kwa kamari, hilo halina mjadala. Ziko nyumba katika mji huu ambamo watoto wamelala na njaa kwa sababu baba alimwamini farasi. Kanisa letu linafundisha hivyo, na linafundisha sawa. Lakini Moraa hakupiga kamari hata siku moja, na kumwosha mnyama si dhambi. Angelisema wazi, tungelijadiliana naye, labda kwa ukali. Yeye alichagua njia fupi. Uongo wa namna hii ni kama mbegu ya mronge, mti unaokua upesi: anayeipanda hajui kwamba karibuni ataukuta dirishani.

Cha ajabu ni kwamba huko mabandani hakuficha chochote. Alimwambia mkufunzi wa farasi tangu siku ya kwanza kwamba Jumamosi hafanyi kazi, wala Ijumaa jua likishazama, na mkufunzi akakubali. Médiatrice alimshikia Jumamosi, naye akamshikia Médiatrice Jumapili. "Sisi wawili tumegawana siku za Mungu," Médiatrice alikuwa akisema, "wewe umechukua ya zamani, mimi mpya." Basi mabandani walimjua Mungu wake, na kanisani hawakuwajua farasi wake.

Alioga huko huko kazini na kubadilisha nguo kabla ya kupanda basi. Hata hivyo harufu ya farasi huingia kwenye nywele. Sabato moja, katika darasa la watoto alilokuwa akifundisha, mtoto mmoja alisema kwa Kiingereza kwamba mwalimu ananukia kama bustani ya wanyama. Wenzake wakacheka. Moraa naye akacheka, na tangu siku hiyo akawa anajipaka mafuta ya nazi mengi kuliko inavyofaa.

Mwaka 2009 akaja Tabora.

Mwenye farasi huyo alikuwa Kamrudin, Mwismaili mzaliwa wa mji wa Tabora, mwenye ghala la vigae hapo hapo Downsview. Alimnunua katika mnada wa vuli: farasi jike wa mwaka mmoja, rangi ya kahawia, mfupi, mwenye baka jeupe lililopinda usoni kama lililopakwa na mtu mwenye haraka. Ukoo wake ulikuwa wa mbio tupu, wa baba na wa mama, lakini wanunuzi wengine walimpita kwa sababu ya kimo chake. Kamrudin akampa jina la mji wake na kumkabidhi kwa mkufunzi, na mkufunzi akamkabidhi kwa Moraa, kwa sababu alikuwa ameshauma watu wawili.

"Huyu mtoto ana kisirani," Médiatrice alisema.

"Ameondolewa kwa mama yake juzi tu," Moraa akasema. "Wewe ungecheka?"

Alimzoeza kwa wimbo. Alimwimbia nyimbo za kanisani akimsugua shingo, polepole, mpaka yule mnyama akawa anainamisha kichwa na kumwekea kidevu mkononi. Hakumruhusu mtu mwingine. Mbio yake ya kwanza, akiwa na miaka miwili, ilikuwa aibu: lango lilifunguka, wenzake wakaruka, yeye akabaki amesimama akiangalia watu. Akamaliza wa mwisho. Safari ya pili aliruka na wenzake, akashinda. Ya tatu akashinda tena. Alikuwa na tabia ya kukaa nyuma, karibu na ukingo wa ndani, kama asiyejali, kisha kwenye kona ya mwisho akanyoosha shingo na kuwapita mmoja mmoja. Mkufunzi alisema hajafundishwa hivyo na mtu yeyote.

Kiangazi cha 2011, Jumapili, alishinda mbio kubwa ya majike ya miaka mitatu. Desturi ya uwanja ni kwamba farasi akishinda hupigwa picha pale pale, jasho likimtiririka: mpanda farasi juu ya tandiko, mwenye farasi na jamaa zake pembeni, na mtunza farasi mbele, ameshika hatamu. Ndiyo heshima yake. Wako watunza farasi waliofanya kazi maisha yao yote wakingoja picha moja.

Kamrudin alikuwa analia waziwazi. "Moraa, njoo hapa mbele, bwana. Simama tukuone."

Moraa akamshika Tabora hatamu, na mpiga picha alipoinua kamera, akajisogeza nyuma ya shingo ya farasi.

"Mama, umejificha," Kamrudin akasema. "Kwani unadaiwa na serikali?"

"Jua linaniumiza macho, mzee."

"Jua liko mgongoni kwako."

Mzee akamtazama kidogo, akaelewa zaidi ya alivyosema. "Hata mimi kwenye ibada zetu za jamatkhana sipigi kelele sana juu ya farasi," akamwambia kwa sauti ya chini. "Lakini picha ni picha." Picha ikatoka hivyo: watu wote wanacheka, farasi anatazama kamera kama malkia, na chini ya kidevu chake kuna mkono mmoja mweusi usio na mwenyewe.

Mwaka uliofuata Tabora alichaguliwa farasi jike bora wa mwaka. Sura yake ilitoka magazetini. Na huko kanisani, kila Sabato, mtu alikuwa akimuuliza Moraa, "Bibi anaendeleaje?" Naye anajibu kwamba anakula vizuri, anashukuru Mungu. Akina mama wakamsifu. Mama Chelagat alisimama siku moja mbele ya Dorkasi wote akasema, "Muigeni Dada Moraa. Wengi mnawatunza wazee wa watu mkitazama saa. Yeye akimtaja bibi yake, unaona anampenda." Moraa aliinamisha uso, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Siku ya msiba ilikuwa Jumamosi, msimu wa vuli wa 2013. Tabora alikuwa na miaka mitano, na ile ingekuwa mbio yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Mkufunzi alimwomba Moraa aje, mara hii tu. Moraa akasema Sabato haina mara hii tu. Alisema vyema, na aliyasema kwa uaminifu. Ijumaa alasiri alimfunga bendeji, akamwimbia, akamwachia Médiatrice kamba.

Tulikuwa katika kipindi cha vijana cha alasiri. Moraa alikuwa ameketi karibu na mlango. Simu yake ikatikisika, akatoka nje. Médiatrice alikuwa analia.

"Moraa, amevunjika. Mguu wa mbele. Alikuwa amewapita wote, Moraa, alikuwa amebaki peke yake."

"Amekufa?"

"Bado. Wamemfunga, wanampeleka hospitali. Madaktari wanasema labda. Mzee Kamrudin amekaa chini kwenye mchanga, hataki kuinuka."

Aliporudi ndani, aliketi mahali pake, akajifunika uso kwa mikono. Mama Chelagat alimwona, akamfuata akamshika bega. "Kuna nini, mwanangu?"

"Bibi yangu," Moraa akasema. "Ameanguka. Amevunjika mguu."

Hakupanga kusema vile. Yalimtoka kama yanavyomtoka mtu aliyefiwa. Lakini alipoyasikia masikioni mwake, alikuwa na nafasi ya kuyarudisha, akanyamaza. Mama Chelagat akaenda mbele, akasimamisha kipindi. Kanisa zima likapiga magoti juu ya sakafu ya ile shule: wazee, vijana, watoto wa darasa lake. Aliomba mzee wa zamu, akaomba Mama Chelagat, akamtaja yule bibi kama mtu anayemtaja mzazi wake, akamwomba Bwana asimchukue kabla hajaokoka. Moraa alikuwa amepiga magoti katikati yao. Kila "Amina" ilimwangukia kama jiwe, na hakuwa na mahali pa kukwepea.

Baadaye alimpigia Médiatrice, akamwambia kwa kilio, "Wanamwombea. Kanisa zima." Médiatrice, asiyejua lolote la siri hiyo, akashukuru sana.

Kesho yake, Jumapili mchana, Moraa akiwa ametoka kazini, kengele ya mlango wake ililia. Alikuwa Mama Chelagat, na Benedicta, muuguzi kijana mwenye gari. Wamevaa vitambaa vyeupe vya Dorkasi kichwani. Mama Chelagat amebeba chupa kubwa ya uji wa wimbi na blanketi alilolifuma mwenyewe.

"Tumekuja tukupeleke kwa mgonjwa," akasema.

Moraa alikuwa na sentensi tayari, kwamba hospitali hairuhusu wageni. Alikuwa ameifikiria tangu alfajiri.

"Mama, ile hospitali..."

"Najua unataka kusema tusijisumbue. Hebu nikwambie. Mama yangu alipougua Kericho sikuweza kwenda, makaratasi ya ukaazi yalikuwa bado. Akazikwa na wengine. Kwa hiyo miaka hii yote, nikimwombea huyu bibi yako, naomba kama ambavyo ningemwombea yeye. Wacha nimwone tu, nimshike mkono. Sitakaa."

Moraa akavaa koti. "Twendeni," akasema.

Alipaswa kuwaambia pale pale mlangoni. Hakuwaambia. Katika gari alifungua mdomo mara kadhaa, na kila mara alichotoa ni maelekezo: pinda kulia, fuata barabara hii. Nyumba zikaisha, mashamba yakaanza.

"Bibi huyu amelazwa mbali," Benedicta akasema. "Hata mimi muuguzi siijui hii hospitali."

Moraa akamwonyesha geti. Aliacha macho yao yafanye kazi ambayo mdomo wake uliikataa, na huo ulikuwa woga ulioongezwa juu ya uongo.

Waliposhuka, Mama Chelagat alinusa hewa. "Mbona panatoka harufu ya zizi?" Moraa alitangulia, akasukuma mlango mkubwa wa mbao. Ndani kulikuwa na vyumba vya farasi pande zote mbili. Katika kile cha mwisho alisimama Tabora, mguu wa mbele katika plasta nzito, kichwa amekiinamisha. Nje ya mlango wake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, aliketi Kamrudin akiwa na suti ya jana.

Farasi akasikia hatua za Moraa, akainua masikio, akatoa sauti ndogo ya kooni.

Kamrudin akainuka. Aliona vitambaa vyeupe, na uso wake uliochoka ukafunguka.

"Ndio nyinyi? Watu wa kanisa lake? Karibuni, karibuni sana." Akawashika mikono wote wawili. "Médiatrice ameniambia. Kanisa zima limepiga magoti kwa ajili ya Tabora wangu. Mimi ni mtu mzima, sijawahi kuona jambo kama hili. Hata ndugu zangu wameniambia ni farasi tu, nunua mwingine. Nyinyi hamnijui, mmemwombea. Na mmekuja kumwona. Mungu awalipe."

Mama Chelagat alimtazama mzee, akamtazama farasi, akamtazama Moraa. Moraa alikuwa anaangalia majani sakafuni. Benedicta akatoa kicheko kifupi, akakifunika kwa kiganja, kisha macho yake yakajaa machozi, hakuna ajuaye kama ni ya kucheka.

"Anashindana?" Mama Chelagat akauliza.

"Alikuwa bingwa, mama," Kamrudin akasema kwa fahari. "Bingwa wa nchi hii. Huyu hapa ndiye aliyemlea." Akamwonyesha Moraa.

Mama Chelagat alikuwa mwanamke wa adabu. Hakumwaibisha mwenye mgonjwa mbele ya mgonjwa wake. "Pole, mzee," akasema. "Mungu ni mwema." Akageuka, akatoka, chupa ya uji ikiwa mkononi na blanketi kwapani. Uji ule ulirudi Toronto bila kufunguliwa.

Walikwenda na gari mpaka mashamba yakaisha. Kisha Mama Chelagat akasema, bila kugeuka, "Umetupigisha magoti kwa farasi wa kamari."

"Ndiyo, mama."

"Nimemwombea aokoke."

"Ndiyo, mama."

"Ungesema ni farasi, ulidhani tungekataa kumwombea?"

"Nilidhani mngekataa."

"Tungekataa," Mama Chelagat akasema. "Na wewe ungekuwa umesema kweli."

Sabato iliyofuata Moraa alisimama mbele mwenyewe, kabla ya kuitwa. Hakujitetea. Alitaja kazi yake, akataja jina la farasi, akasema kwamba kila alipoulizwa habari za bibi alidanganya. Hakusema alikuwa maskini, ingawa angeweza. Watoto wa darasa lake walikuwa wameketi mstari wa mbele, na hao ndio hakuweza kuwatazama. Baraza likampa karipio, likamwondoa katika ualimu. Ilikuwa haki. Kuna waliosema ni ukali kupita kiasi kwa jambo la kuchekesha. Halikuwa la kuchekesha. Mtu akichezea maombi ya wenzake, kesho mgonjwa wa kweli akitajwa, watu wataangaliana.

Na waliangaliana kweli. Wengine wakafanya mzaha. Siku moja kwenye maegesho, mzee mmoja aliyepaswa kuwa na busara alimwita kwa sauti, "Dada Moraa, katika wale farasi wanne wa unabii, wa kwako yupi? Mweupe au mwekundu?" Wanaume wakacheka. Moraa akasema, "Wa kahawia," akaingia kwenye basi lake.

Tabora akapona, ila hakukimbia tena. Kamrudin alimpeleka kwenye shamba kaskazini ya Vaughan azae. Alimwomba Moraa aende naye. Moraa akakataa: watoto wa Tabora nao watapelekwa langoni, nao watachezewa kamari, na yeye alishachoka kuishi sehemu mbili. Aliacha mabanda. Akapata kazi ya kumtunza ajuza mmoja wa Downsview, mjane wa Kiitaliano, anayemlisha na kumwogesha mpaka leo. Akiulizwa kanisani anafanya kazi gani, husema kweli, na bado uso wake huwaka, kwa sababu maneno ni yale yale.

Jambo moja alimwomba Kamrudin: ile picha. Aliitundika sebuleni mkabala na mlango, mahali ambapo mgeni hawezi kuikosa.

Karipio lilipokwisha, mwaka 2015, Mama Chelagat alimtembelea. Alikuwa hajavuka kizingiti kile tangu siku ya uji. Alikaa, akapewa chai, akaitazama picha muda mrefu.

"Wewe uko wapi hapa?"

"Huo mkono."

"Mkono tu?"

"Nilijificha, mama. Ndiyo siku waliyotaka kuniona."

Mama Chelagat akainuka, akasogea karibu, akaugusa kioo pale chini ya kidevu cha farasi kwa ncha ya kidole. Kisha akarudi kukaa na kuchukua kikombe.

"Anaendeleaje?" akauliza.

Moraa alijua anaulizwa nani. Alijibu polepole, kama mtu anayejaribu ngazi kabla ya kuikanyaga.

"Ana mimba. Miezi mitano. Mguu unamsumbua wakati wa baridi. Huwa naenda kumwona Jumapili."

"Nisikuahidi kumwombea."

"Hapana, mama. Usimwombee."

"Haya," Mama Chelagat akasema, akanywa chai yake. "Mpelekee pole zangu."